Beberu Aliyekutwa na Mji wa Mimba

Samuye, Shinyanga Vijijini
Agosti 1997

Mpendwa mshauri Mama Bartho, naomba msaada, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa kijijini kila mtu ameshacheka kwa zamu yake na sasa wamefika mahali wameacha kucheka wananiogopa, na heri ningeendelea kuchekwa. Jina langu ni Limi, usinifiche, kijiji kizima kinalijua jina hilo na limeshaharibika kiasi kwamba gazeti haliwezi kuliharibu zaidi.

Nilipoolewa na Maige, mama yangu aliyeko Solwa alinipa mbuzi wawili wa kuanzia maisha, jike mmoja na dume mchanga, wote hawana pembe, vichwa laini kama vibuyu, kwetu mbuzi wengi wako hivyo na tunawapenda kwa sababu hawatoboi watu wala hawatoboani zizini. Maige alifurahi sana, kaka yake aliwahi kuchanwa paja na beberu mwenye pembe na hadi leo anachechemea, akasema mke aliyekuja na mbuzi wasiotoboa ni mke mwenye akili. Tukawafuga, wakazaana, wengine wakatoka majike wazuri, wengine madume tukawauza, na katika hao akazaliwa mmoja ambaye Maige alimpenda kuliko vyote tulivyokuwa navyo, akamwita Meneja, kwa sababu hata akiwa mdogo alikuwa anatembea polepole akikagua wenzake.

Mama Bartho, sijui nikuelezeje uzuri wa Meneja. Kifua kipana, shingo nene, ndevu ndefu kama za mzee wa baraza, na harufu yake ukiwa kisimani unajua amepita njia gani, akiona jike anapandisha mdomo juu, anapiga kelele, anakimbia, anapanda, yaani kila kitu cha dume alikuwa nacho, isipokuwa mimi niliyekuwa nafagia zizi niliona kwamba vile vitu vyake vya kiume ni vidogo kwa umbo lake na viko juu juu, lakini nani ataanza kuchungulia huko kwa Meneja, nikanyamaza. Baba yake Meneja tulimchinja shemeji yangu alipooa. Majirani wakaja kumwomba Maige awaazime Meneja, Maige hakuwa na choyo, akasema leteni majike yenu, na Pantaleo jirani yetu akampeleka beberu wake mnadani akamuuza, wengine wakawahasi wa kwao ili wanenepe, wakasema ya nini kulisha madume kila nyumba wakati Meneja yupo.

Mvua zikaja, mvua zikaisha, hakuna jike aliyebeba. Pantaleo akawa anapapasa matumbo ya mbuzi wake kila asubuhi kama mkunga, anakuta majani tu. Kijiji kizima kikakosa watoto wa mbuzi msimu mzima, hakuna maziwa, hakuna wa kuuza ada ya shule ikifika, na watu wakaanza kutuangalia. Sasa balaa ni kwamba mimi na Maige tulikuwa tuna mwaka wa tatu kwenye ndoa bila mtoto, basi siku moja kwenye pombe kuna mtu akasema kwa sauti, "Meneja na mwenye Meneja, ofisi moja!" watu wakacheka mpaka wakamwaga pombe, na Maige akasimama akaondoka hajamaliza kibuyu chake. Alifika nyumbani hakula, asubuhi akakunja blanketi akasema anakwenda Runzewe kuchimba dhahabu na wenzake, nikamwuliza unarudi lini, akasema, "Nitarudi nikiwa na kitu cha kuwafunga midomo," akapanda lori la Kahama.

Na mimi wakati huo, Mama Bartho, nilikuwa nimeshaanza kuchukia harufu ya vitunguu. Sikumwambia, kwa sababu mwaka jana niliwahi kumwambia nina mimba, akanunua hadi shuka la mtoto, na ikawa si kweli, kwa hiyo safari hii nilitaka niwe na hakika kabisa ndipo nifungue mdomo, na nilipopata hakika yeye hayupo.

Kutoka Runzewe akatuma neno kwamba Meneja achinjwe, hataki kumkuta. Mama mkwe wangu, Mama Maige, akamwita Nasibu, huyu ni mchinjaji wetu, mtu wa maneno mengi, akichinja anakuhadithia mambo ya Shinyanga mjini hadi anamaliza kuchuna. Akamchinja Meneja kwa dua zote, akamtundika, akampasua tumbo, halafu akanyamaza. Nasibu si mtu wa kunyamaza. Akaingiza mkono, akautoa, akaingiza tena.

"Mama Maige," akasema, "njoo uone, sitaki kuliona hili peke yangu."

"Ana ugonjwa?"

"Ana mji wa mimba."

"Nani?"

"Huyu hapa. Beberu."

Mama mkwe akasema Nasibu umelewa, Nasibu akasema mimi sinywi mama na wewe unajua, akauvuta nje, na kweli, Mama Bartho, niliuona kwa macho yangu, mji wa mimba mwembamba wenye pembe mbili kama wa jike yeyote, na korodani zile mbili ziko palepale, ndogo kama karanga. Watu wakajaa uani. Nyama hakuna aliyeigusa, Nasibu mwenyewe alinawa mikono mara nyingi akaenda kwake bila kuchukua ngozi aliyoahidiwa, na mbwa wa Samuye siku hiyo walikula harusi.

Ndipo mama mkwe akageuka akaniangalia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga kelele. Akasema taratibu, "Limi, mbuzi hawa walitoka kwenu."

Kesho yake akaenda kwa mganga, akarudi na jibu kwamba kuna mkono wa mwanamke nyumbani humu unaogeuza madume, mkono wa nani mganga hakusema, lakini nyumba ina wanawake wawili na aliyemlipa mganga ni mmoja wao. Kuanzia hapo anapika mwenyewe, ananipakulia mwenyewe, na wanaume wa hapa wakikutana nami njiani wanashusha jembe kutoka begani wanalishika mbele ya suruali.

Halafu Pantaleo akaenda Runzewe kuuza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na huko akakutana na Maige, na sijui alimwambia nini, najua tu alivyorudi. Alisimama barabarani, mbali na uzio wetu, akaita.

"Shemeji! Nimetumwa na Maige."

"Karibu, ingia."

"Hapa panatosha. Anamsalimia mama. Anaomba suruali zake mbili za kaki."

"Nitazifunga sasa hivi."

"Hapana! Amesema zifungwe na mama. Wewe usiziguse."

"Nisiziguse kwa nini, Pantaleo?"

"Mimi nimetumwa tu, shemeji. Na tafadhali baki hapohapo ulipo."

Suruali nilizozifua mimi miaka yote, Mama Bartho! Nilikaa chini nikalia mpaka nikaona aibu mbele ya kuku. Pantaleo alimwambia mama mkwe, nami nikasikia, kwamba Maige anasema hawezi kurudi kulala nyumba moja na mtu aliyemgeuza Meneja, kwa sababu kama Meneja mwenye ndevu zile amegeuzwa, yeye ni nani.

Sasa mama mkwe anasema niende kwetu Solwa kwanza mpaka mambo yatulie, na najua mambo ya namna hiyo huwa hayatulii, ukitoka umetoka. Tumbo linaanza kujitokeza chini ya kanga. Nikisema nina mimba wataniuliza ya nani, kwa vile wameshaamua kwamba Maige ni kama Meneja, na nikinyamaza litasema lenyewe. Lakini kinachoniamsha si hicho. Kinachoniamsha ni kwamba miezi yote hii nimekuwa nakunywa maziwa ya mama yake Meneja, jike pekee ambaye hajakauka tangu uzao wake wa mwisho, tena mabichi, kwa sababu ndiyo kitu pekee nisichokitapika, na nauliza, je, mwanangu atazaliwa kama Meneja, nusu huku na nusu huku? Na je, inawezekana mtu akawa na mkono wa kugeuza bila yeye mwenyewe kujua? Na nimfuate mume wangu Runzewe, au niende kwetu, au nikae? Nijibu haraka, mama yangu, maana kanga nazo zina mwisho wake.

Ni mimi Limi, mke wa Maige.

*

MAMA BARTHO ANAJIBU

Limi mwanangu, nimecheka. Umeniomba nisicheke kabla ya mwisho, nikajikaza vizuri hadi kwa Nasibu, pale nikashindwa, ikabidi niweke miwani mezani. Lakini kwenye suruali za kaki sikucheka, na mahali pa maziwa mabichi nilisimama kabisa. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, si wako.

Kwanza mikono yako. Iangalie. Inafua, inafagia zizi, inaandika barua ndefu bila nukta. Haigeuzi kitu. Nimekuwa mkunga hapa Shinyanga miaka mingi kabla sijapewa ukurasa huu, nimeshikana mikono na wanawake wa kila namna, na sijaona hata mmoja mwenye mkono wa kugeuza dume.

Lakini mimi mambo yangu ni ya watu, ya mbuzi siyajui, kwa hiyo nilichukua barua yako nikaipeleka kwa Bwana Theonest, daktari wa mifugo, rafiki wa mume wangu. Alipofika kwenye mji wa mimba akasema, "Wazazi wote wawili hawakuwa na pembe." Hakuuliza, alisema. Nikamwambia umejuaje? Akasema jambo hili wafugaji na wasomi wa mbali wamelijua kwa muda mrefu, ni sisi tu linatufikia likiwa limevaa nguo za mganga.

Sikiliza sasa, nami nitalisema polepole kama nilivyosimuliwa. Kila mwana-mbuzi, kama kila mwanadamu, hupewa mirathi mbili za maumbile, moja ya mama na moja ya baba. Ndani ya mirathi hizo kuna chembe za urithi, wasomi wanaziita jeni, na kila chembe ina kazi yake: hii rangi, hii pembe, hii kuamua kama mtoto tumboni atajengewa korodani au atajengewa nyumba ya mayai. Kwa mbuzi, chembe inayoondoa pembe inaandamana na mambo ya ujenzi huo. Kama ni chembe ileile inayofanya yote mawili, au ni majirani wanaotembea pamoja, Bwana Theonest anasema watafiti bado wanaitafuta. Mbuzi akiipata upande mmoja tu, anakosa pembe, basi, anaishi na kuzaa kama wenzake. Lakini mtoto wa kike akiipata kwa mama na kwa baba pia, ujenzi unapotea njia. Mwili uliokusudiwa kuwa jike unaanza kujenga korodani. Korodani zikishakuwepo, hata ndogo, zinaleta ndevu, shingo, harufu na ule ujeuri wa kukimbiza wenzake. Kitu kimoja haziwezi: kutengeneza mbegu. Kwa mbegu unahitajika urithi wa kiume halisi, na huo Meneja hakuzaliwa nao.

Kwa hiyo hakuna aliyemgeuza Meneja. Meneja alianza kama binti wa mama yake, akapewa vazi la ofisi isiyo yake, akaivaa kwa heshima mpaka siku ya mwisho. Na ulipoona vile vitu ni vidogo ukanyamaza, hapo ndipo nakugombeza. Mfugaji haoni haya. Anayeona haya kumpapasa beberu mwanzoni mwa msimu, atapapasa matumbo matupu mwishoni, kama Pantaleo.

Dawa yake haihitaji kuku mweusi. Usiwapandishe wasio na pembe kwa wasio na pembe. Upande mmoja uwe na pembe siku zote. Mwambie Pantaleo na wenzake wachange, wanunue beberu mwenye pembe, watakaotaka kukwepa kutobolewa wakate ncha, na majike yenu yasiyo na pembe yatazaa salama. Na mkono uliowakosesha watoto wa mbuzi, kama mnataka sana mkono, ni wa wale waliowauza na kuwahasi madume wote wa kijiji kwa kupenda ndevu.

Sasa mambo ya watu, ambayo nayajua mwenyewe. Mtoto wako hawezi kupata urithi wa mbuzi kwa kunywa maziwa ya mbuzi. Kama ingekuwa hivyo, Shinyanga nzima tungekuwa na mikia. Urithi unapita kwenye damu ya wazazi, haupiti kwenye kikombe. Lakini maziwa mabichi, Limi! Ningekuwa karibu ningekupokonya hicho kibuyu. Kuna ugonjwa wa mbuzi unaotupisha mimba, na unapita kwenye maziwa yasiyochemshwa. Unaogopa jini usilolijua na huku unakunywa jini lenyewe. Chemsha yachemke kweli, yapande juu.

Na nikuambie jambo ambalo hukuniuliza. Katika miaka yangu ya ukunga nimewahi kupokea mtoto ambaye hatukuweza kusema mara moja ni wa kike au wa kiume. Hutokea kwa binadamu pia, mara chache sana, bila mbuzi wala mganga. Alikuwa mtoto. Alilia, alinyonya, tulimfunika, tukamwandikia mama yake aende hospitali kubwa. Simwiti nusu huyo, na wewe usiliseme tena neno hilo juu ya mtoto wa mtu yeyote.

Kuhusu miaka mitatu bila mimba: kijiji kilikucheka wewe kwanza, sivyo? Halafu kikamcheka Maige kwa sababu ya mbuzi. Wote walikuwa wanabahatisha. Mwanamume anaweza kuwa na sauti nzito na kifua kipana na asiwe na mbegu, na miaka hii watafiti wameonyesha kwamba baadhi yao wamezaliwa wakiwa wamekosa kipande kidogo sana cha ule urithi wa kiume, wala hawajalogwa. Wengine walio na kila kitu wanachelewa tu. Mnaosoma hapa mnaosubiri mtoto, nendeni hospitali wawili, mume na mke, apimwe kila mmoja. Kumpima mke peke yake ni kutafuta ufunguo kwenye mfuko mmoja wa suruali.

Maige, na wewe nina neno, maana gazeti hili linafika Runzewe hata kama ni la kufungia vitumbua. Uume haufuliwi ukatoka. Ungekuwa unatoka kwa kuguswa na mke, ndoa zingekwisha zamani. Umekimbia mzaha wa walevi ukamwachia mkeo mzigo wa kijiji kizima. Rudi.

Limi, haya ndiyo ya kufanya, na uyafanye. Runzewe usiende, barabara ile kwa mwenye mimba changa ni kupura mtama. Solwa usiende, ukitoka utakuwa umekiri kosa ambalo halipo. Kaa. Leo hiihii, kabla hujasimulia jirani yeyote, mwambie mama mkwe wako una mimba. Usimwambie ukiwa umesimama mlangoni na mtungi. Kaa naye chini, mkamate mkono uleule anaouogopa, umwambie. Huyo mama hakuchukii, anaogopa kumpoteza mwanawe, na mtu mwenye hofu mpe habari, usimpe kisogo. Akiuliza ya nani, mwambie ilianza kabla lori halijaondoka, na mkunga wa zahanati atapima tumbo na kumwambia umri wake. Halafu nenda kliniki. Bwana Theonest ameniahidi kupitia Samuye wiki ya chanjo. Akija, ita watu wote, wa majembe wawe mbele.

Wako, Mama Bartho
Kambarage, Shinyanga

*

BARUA YA PILI KUTOKA SAMUYE

Mama Bartho, shikamoo. Nimeona nikuandikie kabla hujasikia kwa watu, maana watu hawasimulii vizuri.

Nilifanya ulivyosema. Nilimkuta mama mkwe anapepeta mtama, nikakaa, nikamshika mkono, akashtuka akataka kuuvuta, nikaung'ang'ania nikauweka tumboni. Kisha akaanza kupapasa kwa vidole vyote kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Na hii umeificha ndani ya nyumba yangu?" akasema.

"Niliogopa, mama."

"Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Tungeogopa pamoja." Akajipiga paja akacheka, halafu akalia, halafu akainuka akamwaga maziwa yaliyokuwa kwenye kibuyu changu na kuyaweka mengine jikoni yachemke, kwa sababu jibu lako alikuwa ameshasomewa gazetini na Nasibu, na alikuwa anasubiri tu nimwambie kwa kinywa changu.

Bwana Theonest alikuja wiki ya chanjo kama alivyoahidi. Aliwakagua mbuzi wetu wote, akatuonyesha mwingine mdogo ambaye naye ameanza safari ya Meneja, tukamwona wenyewe. Pantaleo akanyoosha mkono kama shuleni. "Kwa hiyo, daktari, msimu mzima tulikuwa tunawaletea majike jike mwenzao?" Akajibiwa ndiyo. Pantaleo akasema anaomba watu wasilirudie jambo hilo mnadani. Wamechanga sasa, wamepata beberu mwenye pembe kutoka Tinde, mbaya wa sura, na majike wawili wameshabeba.

Lakini nataka nikuambie ya Maige. Mama mkwe hakutaka kumtuma mtu tena, akasema maneno yakipita kwa Pantaleo yanaota mikia. Akapanda lori mwenyewe, na umri wake ule, hadi Runzewe, akauliza hadi akaonyeshwa shimo analochimba mwanawe, lile wanaloliita duara, akasimama juu ya mdomo wake kati ya wachimbaji. Haya amenisimulia yeye.

"Mwambieni Maige mama yake yuko hapa."

Sauti ikatoka chini, "Mama? Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Toka."

"Limi hajambo?"

"Toka ndiyo uulize."

Akatoka amejaa vumbi, macho tu yanaonekana. Mama mkwe akamwambia mbele ya wenzake wote, "Mkeo ana mimba. Kama kuna kitu amekugeuza, amekugeuza kuwa baba. Sasa oga twende."

Wachimbaji walipiga vigelegele kama wanawake. Maige alikaa kwenye kifusi, mama mkwe anasema alikaa muda mrefu sana anaangalia mikono yake.

Alipofika nyumbani alisimama nje ya uzio, palepale alipokuwa amesimama Pantaleo. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, Mama Bartho, nilikuwa nayo tangu siku ya suruali, nimeyapanga mpaka mengine nilikuwa nayaimba. Nikamwona alivyokonda, yakapungua. Hayakuisha, yakapungua. Nikamwekea ugali, akala wote, akanawa.

"Niliyatuma maneno mabaya," akasema.

"Yalifika."

"Yalikuwa ya mtu mwoga."

"Nilijua. Ndiyo maana yaliniuma, ningejua ni ya mtu mwenye hasira ningesubiri yapoe."

Akauliza kliniki ni lini. Nikamwambia ni kesho. Akasema, "Nitakwenda na wewe." Nikamwambia huko hakuna wanaume, akasema anajua.

Basi tulikwenda. Benchi la zahanati limejaa wanawake wenye matumbo, na katikati yao Maige mmoja, ameshika kadi yangu kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Hakuna mwanaume aliyepita njia ile siku hiyo bila kusimama. Wakaja wale wa kwenye pombe, yule mwenyewe aliyesema mambo ya ofisi moja akiwa mbele, akaegemea dirishani.

"Maige!" akaita. "Umefikisha miezi mingapi?"

Benchi zima likamgeukia. Niliona shingo yake ikijikaza, nikasema moyoni, haya, anainuka, anarudi Runzewe.

"Mitano," Maige akasema. "Na mgongo unaniuma."

Wanawake wote wakasogea wakampa nafasi aegemee ukuta.